Jiko Lisilofuka Moshi

“Pasipofuka moshi ndipo penye moto wa kweli,” alisema Shangazi Subilaga. Kila asubuhi aliisema methali hiyo hivyohivyo, kichwa chini miguu juu, kana kwamba wazee walioitunga walikosea naye ametumwa kuwasahihisha. Alikuwa amechuchumaa koridoni mbele ya jiko la mkaa alilolisafirisha ndani ya begi la nguo kutoka Tukuyu hadi Guangzhou, Uchina. Alilipepea kwa kifuniko cha ndoo mpaka vipande vyote vikawa vyekundu na moshi wa mwisho ukakatika. Ndipo akaliinua kwa matambara, akaliweka katikati ya chumba, akafunga mlango na kusukuma komeo.

“Haya, Kissa. Kagua madirisha.”

Kissa aliijua kazi hiyo kama alivyoijua sala ya kabla ya kula. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Kwanza alikunja mablanketi, kisha akapasha maziwa, kisha akapita dirisha kwa dirisha akikandamiza kwa kidole gumba selotepu ambayo shangazi yake alizibia kila mwanya. Ilipobanduka, alibandika nyingine. Hata tundu la ufunguo lilikuwa limezibwa kwa pamba.

Majira ya baridi ya Guangzhou hayana theluji, lakini usiyafanyie mzaha. Baridi yake ni ya majimaji, inayopenya mpaka kwenye mifupa. Kuta hutoka jasho, soksi huanikwa siku nenda siku rudi zisikauke, na nyumba zilizojengwa kwa ajili ya joto hazina chochote cha kuzipasha moto. Mtaani Kangle, ambako Kissa na baba yake walipanga chumba juu ya karakana ya kushona nguo, watu walivaa makoti hata wakiwa mezani.

Tena zilikuwa wiki za kuelekea mwaka mpya wa Wachina. Mafundi walifunga mizigo kurudi kwao mikoani. Kila siku cherehani kadhaa zilinyamaza, mpaka jengo zima likabaki tupu kama debe. Majirani wa kulia waliondoka, kisha wa kushoto. Kwenye vichochoro ambavyo Kissa alizoea kupita kwa kusukumana, sasa alisikia mlio wa viatu vyake mwenyewe ukimrudia kutoka ukutani.

Mama yake alifariki majira kama hayo, mwaka uliotangulia, kwa kichomi kilichomshika ghafla. Mwili ulipelekwa kuzikwa Tukuyu. Baba alisafiri nao, lakini kibali cha Kissa cha kusafiri kilikuwa hakijatoka, akaachwa kwa marafiki wa familia. Hakuliona kaburi wala hakurusha hata punje ya udongo. Alichokiona yeye ni mlango uliofungwa na watu wazima wakinong’ona. Baadaye dada mkubwa wa baba, Shangazi Subilaga, akaja kumlea.

“Baridi ilimla wifi yangu,” alisema siku aliyofika, akilitazama anga la kijivu kama mtu anayemtazama mwizi. “Haitamla mtoto wake.”

Baba yake Kissa, Lusajo, alipokea mizigo ya wafanyabiashara wa nyumbani na kuipeleka bandari ya Huangpu. Alitoka alfajiri, akarudi giza limeingia. Mwenye nyumba alikuwa amekataza moto wa mkaa, na Baba alikubali kwa kinywa chake. Kwa hiyo kila jioni, kabla hajarudi, Shangazi alilizima jiko bafuni, akalisukuma chini ya kitanda, kisha akamtazama Kissa.

“Baba yako asijue. Mwanamume anayeshinda akibeba maboksi atajuaje baridi ya kukaa ndani?”

Kissa hakusema. Mwanzoni alinyamaza kwa heshima. Baadaye alikuwa na sababu yake mwenyewe.

Sababu hiyo ilikuja mchana mmoja wa manyunyu. Shangazi alikuwa amesinzia kwenye kiti. Kissa alikuwa akisoma huku kichwa kikimgonga, tiki tiki tiki, kama sindano ya cherehani. Ndipo akasikia kitu koridoni.

Kwachu... kwachu...

Aliujua mwendo huo. Mama alikuwa na kandambili za bluu, na ile ya kushoto ilikatika mkanda, akaufunga kwa kipande cha kitambaa cha njano. Tangu hapo ikawa inaburuta. Kwachu... kwachu... Mwendo ulifika mlangoni, ukasimama.

“Umesikia?” Shangazi alikuwa amefumbua macho, lakini hakuinua kichwa.

“Nimesikia, Shangazi.”

“Usifungue.” Kisha, kwa sauti ya chini: “Ni yeye. Mwee, wifi yangu hajatulia.”

Kissa hakufungua. Aligeukia dirisha la upande wa pili, na pale, nyuma ya pazia, kilisimama kivuli cha mwanamke aliyempa mgongo. Bega lake moja lilikuwa limeshuka kidogo, kama la mtu aliyezoea kubeba robota la vitambaa upande mmoja.

“Mama,” alisema.

Kivuli hakikugeuka. Lakini hakikuondoka.

Tangu siku hiyo Mama alikuja karibu kila mchana, mkaa ukishakolea. Kissa akaanza kumsimulia mambo: mwalimu mpya wa hesabu, paka wa muuza tambi, jinsi Baba anavyounguza mayai. Kivuli hakikujibu, kilisikiliza tu. Kichwa kilimuuma, miguu ilimlegea kama uji, na mara nyingine alitapika. Aliona si kitu. Angetapika kila siku ya Mungu ilimradi zile kandambili zisikome. Shangazi, alipomwona amekunja uso, alimfunga kitambaa kichwani.

“Baridi imekupenya,” alisema, akaongeza mkaa.

Jumamosi ilikuwa siku ya Pua Baridi. Ndilo jina walilojipa watoto na vijana wa Afrika Mashariki waliopanda mlima wa Baiyun kila wiki, majira yote ya baridi, mvua inyeshe isinyeshe. Kiongozi wao alikuwa Faudhia, binti wa Tanga aliyesomea udaktari mjini humo. Alivaa kofia ya sufu juu ya hijabu, na alipanda ngazi za mawe kama anayeitwa kula pilau. Aliwafundisha kufunga mafundo, kuvuka kijito kwa kamba, kutafuta njia kwa ramani na dira, na kuvaa nguo nyepesi kadhaa badala ya koti moja zito. Kila mtu alikuwa na kamba yake kiunoni, fimbo mkononi na filimbi shingoni. Kuipuliza mara tatu maana yake: nisaidieni.

Shangazi alilipinga jambo hilo kwa machozi. “Unampeleka mtoto kwenye upepo, Lusajo? Upepo uleule?”

“Dada, mama yake ndiye aliyempeleka mara ya kwanza,” alijibu Baba. “Alimshika mkono akamwambia ‘twende’, wakaenda. Hilo siligusi.”

Basi Kissa alivikwa masweta matatu, akateremka ngazi kwa kuyumba kama pipa.

“Tazameni!” alipiga kelele Abdulsamad kwenye kituo cha treni chini ya mlima. Alikuwa mvulana wa Kizanzibari aliyesoma naye darasa moja. “Godoro limeshuka kutoka kwenye treni!”

“Godoro litakuacha nyuma,” alijibu Kissa.

“Lini? Wiki iliyopita ulihema kama bibi yangu akipanda kitanda.”

Ilikuwa kweli, lakini kwa mwanzo wa safari tu. Walipofika kwenye kijito, Kissa alikuwa ameshavua masweta mawili. Alishika kamba, akatembea juu ya mawe yenye utelezi huku maji ya baridi yakimrukia vifundoni, na katikati ya kijito akahisi kichwa kimeacha kugonga. Alivuka wa kwanza. Juu kileleni upepo ulimpiga usoni, ukungu ulitanda kwenye misonobari, na jiji lote likawa limezama isipokuwa ncha za majengo marefu. Akacheka kwa sauti.

Kisha akageuka nyuma ghafla. Hapakuwa na mtu. Huku juu Mama hakuja kamwe.

Faudhia alikuwa akimtazama. “Kichwa vipi sasa?”

“Kimepona.”

“Asubuhi kilikuuma. Jumamosi iliyopita pia. Kila ukifika hapa kinapona. Huko nyumbani kuna nini, Kissa?”

“Hakuna kitu, Dada Faudhia. Nasoma sana.”

Ulikuwa uongo mfupi, akaukimbia kwa kuanza kushuka.

Jumamosi iliyofuata hakwenda. Alijikunja kitandani akasema tumbo linamsokota, Shangazi akamshukuru Mungu na kuchochea moto. Siku hiyo Mama alikuja karibu kuliko siku zote. Kivuli kilitoka nyuma ya pazia, kikasimama kando ya kitanda, kikainama. Kissa aliziona kandambili za bluu na kile kitambaa cha njano. Alitaka kuinua mkono ashike pindo la nguo, lakini mkono ulikataa. Ulikuwa mzito, kama mkono wa mtu mwingine alioazimwa.

“Twende,” alisikia, au alidhani amesikia.

Alipozinduka, mto ulikuwa umelowa matapishi na Shangazi alikuwa akimpapasa uso. Jiko lilikuwa limezimika lenyewe. Mkaa ulikuwa umekwisha, na hilo ndilo lililowaokoa, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyelijua.

Jioni Baba alimtazama akakunja uso. “Juma lijalo utakwenda mlimani hata kama nitakubeba mgongoni. Umekuwa kama shati lililosahauliwa kabatini. Unaota ukungu, mwanangu.”

Juma lililofuata mvua iliwakuta katikati ya mlima. Walifunga turubai kati ya misonobari, wakajibana chini yake wakinywa chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa ya Faudhia. Abdulsamad alikuwa akitetemeka mpaka meno yanagongana.

“Laiti ningekuwa na jiko la mkaa,” alisema. “Tungeliweka hapa katikati, tukashusha turubai pande zote, tukaziba. Raha mustarehe!”

“Mlimani moto umekatazwa,” alisema Faudhia. “Na hata usingekatazwa, hapo ungekuwa umejichimbia kaburi.” Hakuwa akitabasamu. “Wiki hii hospitalini tumepokea mzee mmoja na mkewe. Walichoma nyama kwa mkaa ndani, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi. Moto unakula hewa ileile tunayoivuta sisi. Hewa safi ikipungua, mkaa unatoa nyingine yenye sumu, inaitwa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Inaingia kwenye damu na kukalia kiti cha hewa safi.”

“Si utauona moshi?”

“Moshi ungekuwa rafiki yako, ungekukohoza ukatoka nje. Mkaa uliokolea hautoi moshi. Unakaa pale mwekundu, mzuri, unakuua.”

Abdulsamad alisahau kutetemeka. “Sasa mtu atajuaje?”

“Kichwa kinauma. Miguu inalegea. Unatapika. Halafu akili inaanza kukuchezea. Yule mzee alishikilia kwamba kaka yake aliyekufa zamani amesimama mlangoni anamwita. Na mkewe akasema amemsikia.”

“Wote wawili?”

“Walivuta hewa moja, na marehemu wao ni mmoja. Ungetaka wamsikie nani?”

Chai ilikuwa imepoa mkononi mwa Kissa. “Na kama ni kweli?” aliuliza. “Kama kaka yake alikuja kweli?”

Faudhia alifunga chupa ya chai. “Basi angekuja hata baada ya madirisha kufunguliwa. Hakuja.”

Wakati wote wa kushuka Kissa aliwatangulia wenzake. Alijua. Tangu lilipotajwa neno kichwa, alijua. Lakini kusema kulikuwa ni kuliondoa jiko, na kuliondoa jiko kulikuwa ni kumzika Mama kwa mara ya pili, safari hii kwa mikono yake mwenyewe. Leo tu, alijiambia ndani ya treni, paji la uso kwenye kioo. Nimwone leo tu, nimuage. Kesho nitasema.

Faudhia na Abdulsamad walimsindikiza hadi mwanzo wa kichochoro. Ngazi alizipanda peke yake, akipita milango iliyofungwa kwa kufuli, moja baada ya nyingine.

“Hodi! Shangazi!”

Kimya.

Aligonga. Akagonga tena. Akaweka sikio kwenye kioo cha dirisha la koridoni, na moyo wake, aibu iliyoje, ulizitafuta kandambili kabla ya kumtafuta shangazi. Hapakuwa na kwachu. Palikuwa na bomba linalodondosha maji, basi. Kichwa chake kilikuwa kimetakata kwa upepo wa mlimani, na masikio yake yalisikia kilichokuwepo tu.

Akachungulia penye upenyo wa pazia. Jiko lilikuwa jekundu pyu. Halikufuka moshi hata uzi mmoja. Kando yake Shangazi Subilaga alikuwa amelala sakafuni, kikombe kimepinduka karibu na shavu lake, mkono mmoja umenyooka kuelekea mlangoni, kama mtu aliyeinuka kwenda kumfungulia mgeni.

Na pale kwenye dirisha la pili, mahali Mama aliposimama siku zote, palining’inia koti lake la zamani. Lilikuwa limetundikwa kwenye msumari, bega moja limeteleza.

Kissa aliliona. Alielewa alichokiona. Hata hivyo mkono wake ulisita, fimbo ikiwa hewani.

“Nikivunja, hatarudi tena,” alisema, na hapakuwa na mtu wa kumjibu.

Akapiga kioo kwa nguvu zake zote.

Hewa yenye joto ilimiminika ikampiga usoni, na ndani yake kitu, kama mtu apitaye kwa haraka, kikamgusa bega. Hakugeuka kukitazama. Alijaza mapafu hewa ya nje, akapenyeza mkono kati ya nondo, vipande vya kioo vikamchana, akalifikia komeo la mlango na kulivuta. Akaingia, pumzi ameibana. Alimshika Shangazi makwapani, akavuta, Shangazi hakusogea. Alitoka, akavuta pumzi, akaingia tena. Safari hii alifungua kamba kiunoni, akaipitisha chini ya makwapa ya shangazi yake, akafunga fundo lile la kuvukia kijito. Kisha akarudi koridoni, akaweka mguu ukutani na kuvuta kama anayevuta gunia la mchele. Mwili mzito uliteleza, ukakwama kizingitini, ukateleza tena, mpaka ukatoka nje.

Ndipo akashika filimbi. Mara tatu, akasubiri, mara tatu tena. Mlio ulikata mtaa mtupu wa Kangle kama mkasi unavyokata kitambaa.

Alisikia miguu ikipanda ngazi mbiombio. Faudhia alipiga magoti, akaweka sikio kifuani pa Shangazi. “Anapumua. Abdulsamad, piga simu, gari la wagonjwa! Kissa, kaa hapo hapo kwenye hewa, usirudi ndani!” Akabana pumzi, akaingia, akalitoa jiko kwa matambara hadi koridoni mwisho kabisa penye uwazi, akafungua madirisha yote mawili. Selotepu ililia kwa kuraruka.

Shangazi Subilaga aliwekewa oksijeni usiku kucha, na kesho yake aliweza kuongea. Baba alisimama kando ya kitanda, bado ana glavu za kazi za Huangpu, hajakumbuka kuzivua. Faudhia alikuwa ameshaeleza yote.

“Kule Tukuyu nimelelewa na jiko,” alisema Shangazi kwa sauti ya kukwaruza. “Bibi yetu alilala nalo, mama alilala nalo. Alikufa nani?”

“Dada, nyumba ya Bibi ilikuwa ya mianzi,” alisema Baba. “Ukilala, uliziona nyota kupitia ukutani. Upepo uliingia bila hodi, ukatoka bila kuaga. Hapa umeziba hata tundu la ufunguo.”

Shangazi alifumba macho. Chozi moja lilimshuka kuelekea sikioni. “Na yeye? Nilimsikia kwa masikio yangu, Lusajo. Akitembea.”

Faudhia alitazama viatu vyake.

“Mimi nilimwona,” alisema Kissa. Kisha akayasema yote: jiko chini ya kitanda, kichwa, uongo wa mlimani, uongo wa tumbo, na lile alilokusudia ndani ya treni. “Nisamehe, Baba. Nilikuficha. Shangazi angekufa kwa sababu nilitaka kumwona Mama siku moja zaidi.”

Baba alivua glavu, akaweka kiganja kichwani pake. “Nimekusamehe. Na mimi nilikuwa nanusa mkaa kwenye blanketi, nikajiambia ni uchovu.” Akawageukia. “Nisikilizeni wote wawili. Upepo haukumuua Mama Kissa. Ugonjwa ulimuua, na tulichelewa kwenda hospitali. Tangu hapo tumeifungia milango baridi isiyo na kosa, na hatari tukaiweka katikati ya chumba, tukaipepea kwa kifuniko cha ndoo. Mwili unataka kutembea, Dada. Unataka hewa, jua liwepo lisiwepo. Mtoto huyu angeshinda ndani na wewe jana, leo ningekuwa natafuta majeneza mawili. Na wewe, Kissa, siri inayokuumiza mwili si ya kutunza, hata kama aliyekupa ni mtu mzima unayempenda. Iseme siku hiyohiyo.”

“Nimesikia, Baba.”

Shangazi aligeuza uso ukutani. “Maneno mazuri. Lakini mwenzetu ametolewa nje mvua inanyesha, bila hata kuagwa. Ulivunja dirisha, mtoto wewe, akatoka. Mkono ukipona, umwombe radhi mama yako.”

Kissa aliitazama bandeji yake.

Mwaka mpya wa Wachina ukapita. Mafundi wakarudi, cherehani zikaanza tena kulia mtaani Kangle, lakini baridi haikuondoka. Jiko la Tukuyu lilikuwa sasa nje ya dirisha, limejaa udongo, na ndani yake Shangazi alikuwa ameotesha majani ya vitunguu. Dirisha lilikuwa na kioo kipya, nalo liliachwa wazi upana wa kiganja. Usiku, wote watatu walivaa soksi nene, wakalala.

Na Jumamosi, Shangazi Subilaga mwenyewe alishuka kwenye treni chini ya mlima wa Baiyun, amevaa kila sweta alilokuwa nalo.

“Salaale!” alisema Abdulsamad. “Godoro la pili!”

“Nitakuchapa kwa fimbo hii, wewe mtoto wa kisiwani, mpaka uimbe.”

“Kwanza unifikie, Shangazi!”

Hakumfikia. Alipanda hadi kwenye benchi la kwanza, akahema, akalalamika kwa Kiswahili na Kinyakyusa, akaishika pua yake, akakuta kweli ni ya baridi, akacheka kidogo bila kupenda. “Ndaga, asanteni. Nendeni. Nitawangoja hapa.” Kisha akamshika Kissa mkono, ule wenye kovu. “Hujafanya lile nililokuambia.”

Kissa aliendelea kupanda. Alivuka kijito, akawapita wenzake, akafika juu kabla yao. Ukungu ulikuwa mzito, misonobari ikidondosha maji, na mara, nyuma yake, kwenye ngazi za mawe zilizolowa, akasikia.

Kwachu... kwachu...

Akageuka. Alikuwa mzee wa Kichina, amevaa soksi na kandambili katika baridi ile yote, akishuka na madumu mawili ya maji ya chemchemi. Alimwinamia kichwa, akapita. Mlio ulipungua taratibu, ukungu ukaumeza.

Kissa alibaki peke yake na upepo. Alivua kofia.

“Mama,” alisema, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeongea na aliye chumba cha pili. “Shangazi anasema nikuombe radhi kwa lile dirisha. Wewe uliniambia ‘twende’, ukanileta hapa. Yule wa kule chini naye aliniambia ‘twende’, lakini hakusema wapi.”

Sauti za wenzake zilikuwa zikikaribia chini ya miti. Alivaa kofia yake, akaivuta hadi masikioni.

“Nakukumbuka kila siku. Lakini ningelivunja tena, hata leo, hata kama ungekuwa umesimama nyuma yake. Siombi radhi, Mama. Siombi.”